Kibuyu cha Mchimbaji Asiyejulikana

Nyinyi wawili mliopokea funguo za mgodi kutoka mkononi mwangu mliniuliza swali moja tu siku ile: kama kule ndani kuna mtandao. Hakuna. Pale mlangoni, karibu na mtambo wa kusagia mawe, mnaweza kuokota kidogo, lakini mkishapita kona ya kwanza simu zenu ni tochi tu. Sasa kwa kuwa nimestaafu na asubuhi zangu zimekuwa ndefu, nimeona niwaandikie yale ambayo hamkuuliza. Someni wakati wa mvua. Wakati wa mvua hakuna mgeni anayepanda kile kilima, kwa hiyo nafasi mtakuwa nayo.

Nilianza kazi ile nikiwa kijana anayetafuta kazi nyingine. Nilitaka kuwa karani mjini Kakamega, nivae tai na kukaa karibu na dirisha. Nikaambiwa makarani wamejaa, lakini ule mgodi wa zamani wa dhahabu umezungushiwa ua na kufanywa makumbusho, na wanatafuta mtu wa kuongoza wageni. Nilipofika siku ya kwanza nilikuwa nimevaa viatu vya kuazima, vyeusi, vya kung'aa. Mzee Ambani aliviangalia, akaniangalia mimi, kisha akacheka mpaka akashika mlango.

Mzee Ambani ndiye aliyenifunza kazi. Yeye alikuwa amechimba humo kweli, enzi mgodi ukiwa hai, na baruti ilikuwa imemmaliza sikio moja. Kwa hiyo alizungumza kwa kelele kila mahali, hata kanisani. Asubuhi ile aliniingiza mpaka mwisho wa njia kuu, akanikalisha juu ya gogo, akazima taa, akanyamaza. Sijawahi kuona giza la namna ile. Usiku wa nje una nyota, una taa ya jirani, una chochote. Mle ndani ukifumba macho au ukifumbua ni mamoja. Nilisikia maji yakidondoka na popo wakijigeuza, na baada ya muda nikaanza kusikia damu yangu mwenyewe masikioni. Alipowasha taa aliniuliza kama nimeogopa.

"Hapana," nikasema.

"Basi kesho usikuje," akasema. "Mtu haogopangi hapa, huyo ataua watu."

Nikakiri kwamba nimeogopa sana, na hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Kitu cha pili alichonipa ni ule upau wa chuma ambao nimewaachia nyuma ya mlango. Naomba msiufanye kitegemeo cha dirisha. Kila asubuhi, kabla hamjamwingiza mgeni yeyote, piteni njia nzima mkigonga dari. Mwamba mzima ukiugonga unalia, sauti inaruka. Mwamba uliolegea unajibu kwa sauti ya debe tupu, na hapo mnarudi nyuma polepole na kufunga mlango, hata kama nje kuna mabasi matatu ya shule na mwalimu mkuu ana haraka. Mimi niliwahi kukaripiwa na walimu wengi kwa sababu hiyo, na wote wako hai.

Wageni mtawazoea. Wanafunzi watawauliza dhahabu iko wapi, na mkiwaonyesha ule mstari mwembamba kwenye jiwe jeupe, watasema, "Buda, si hayo ni mawe tu?" Msikasirike. Wafanyakazi wa kiwanda cha sukari kule Butali walikuja Jumapili moja, wakaupita mgodi wote bila kuangalia chochote, halafu wakasimama saa nzima kwenye mtambo wa kusagia mawe wakibishana juu ya beringi. Kila mtu huja kuangalia anachokijua. Watoto wadogo wao hupenda sehemu moja tu, pale mnapozima taa. Zimeni, lakini mwe mmewashika mikono.

Sasa niwaeleze habari ya kile kibuyu.

Mnakijua, kiko kwenye kabati la kioo katika chumba cha kwanza, kati ya taa ya kabaidi na karai la kuoshea dhahabu. Tulikipata mimi na Mzee Ambani, katika miaka yangu ya mwanzo. Tulikuwa tunasafisha kijia cha pembeni ili wageni wapate njia ya kuzungukia badala ya kurudi walikotoka. Mbele kidogo tukakuta mawe yameporomoka na kuziba njia yote, na kabla ya mawe, kwenye ukuta, palikuwa na shubaka. Wachimbaji walikuwa wakichonga mashubaka ya namna hiyo ili chakula kisilowe. Ndani yake kilikuwa kibuyu cha uji, kimezibwa kwa gunzi la mahindi. Kilikuwa na ufa upande mmoja, na ule ufa ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa katani kama mnavyoona akina mama wakishona vibuyu vyao vikipasuka.

Mimi nilifurahi. Nilidhani tumepata kitu cha kuonyesha wageni. Mzee Ambani hakufurahi. Alikaa chini, akavua kofia yake ngumu, akazungumza kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo.

"Huyu hakumaliza uji," akasema. "Aliweka hapa arudie."

Alinieleza kwamba kampuni ilipofunga mgodi na kuondoka, watu walikuwa wakiingia kwa kujiiba kupitia vijia vya pembeni, mmoja mmoja au wawili, kuokota kilichobaki. Mtu wa namna hiyo hakuagana na yeyote. Akiangukiwa na mawe, hakuna aliyejua kwamba alikuwa ndani. Mzee Ambani aligonga dari mbele ya yale mawe kwa upau wake, na dari ikajibu kama debe. Akagonga tena mahali pengine, ikajibu vilevile. Hatukuthubutu kuondoa hata jiwe moja. Tulimweleza mkubwa wetu wa wakati huo, akaleta watu wa kupima, nao wakasema mahali pale pasiguswe kabisa. Wakajenga ukuta wa matofali kwenye mdomo wa kijia kile. Kuhusu kibuyu, mkubwa alisema wachimbaji walikuwa wakiacha vitu kila mahali, akakiweka kwenye kioo na kibao kidogo: Kibuyu cha mchimbaji. Mwenyewe hajulikani.

Tangu siku hiyo Mzee Ambani hakupita kwenye ukuta ule bila kukohoa. Alikohoa kile kikohozi cha mtu anayeingia kwenye boma la mwenzake, cha kumwambia mwenye nyumba ajiandae. Nilimuuliza kwa nini anafanya hivyo. Akasema, "Mwenyewe yuko." Alipostaafu, na baadaye alipofariki, nilijikuta na mimi ninakohoa.

Baada yake nilifanya kazi peke yangu kwa miaka mingi. Nawaambia hili kwa sababu nyinyi mko wawili, na hamjui mmepewa nini. Niliishi katika ile nyumba ya mfanyakazi juu ya kilima. Mwezi wa nne, mvua ikishika, wiki nzima iliweza kupita bila mtu. Nilifungua lango asubuhi, nikagonga dari, nikafuta vumbi kwenye vioo, nikaketi. Jioni nilifunga lango, nikasonga obusuma, yaani ugali, ya mtu mmoja, na ukweli ni kwamba obusuma ya mtu mmoja haisongeki vizuri, inabaki ngumu au inabaki maji. Nilianza kumsalimu mwenye kibuyu. "Mulembe," nikamwambia kila asubuhi nikifuta kioo chake, kwa sababu ndiye mfanyakazi mwenzangu niliyekuwa naye. Nilimpa umri, nikampa sura, nikambishia juu ya mpira wa jana kwenye redio. Mkiona nilikuwa nimeanza kuharibika, mmeona sawa.

Mwaka wa mwisho kabla ya kustaafu, likaja basi la akina mama wa kanisa kutoka Matungu. Walikuwa wamevaa vitambaa vya kichwa vya rangi moja, wakiimba tangu langoni. Niliwazungusha, nikawazimia taa, wakapiga mayowe na kucheka kama wasichana. Tulipotoka nikaona mmoja amebaki nyuma katika chumba cha kwanza. Alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu, mwembamba, viatu ameshika mkononi. Alikuwa amesimama mbele ya kile kioo.

"Mama, wenzako wanapanda basi," nikamwambia.

"Fungua hapa," akasema.

"Haifunguliwi, mama. Ni ya kuangalia tu."

"Hii kibuyu ni yangu."

Nilifikiri anamaanisha kwao wana kibuyu kama kile. Wageni wengi husema hivyo. Nikaanza kumweleza maelezo yangu ya kila siku, kwamba wachimbaji walibeba uji, kwamba ufa ulishonwa kwa katani. Akanikatiza.

"Angalia uzi," akasema. "Wewe ulishaona uzi imelala hivi? Watu wote wanashona inalala huku." Akaonyesha kwa kidole upande wa kulia. "Hii imelala huku. Mimi ni mashoto, mwanangu. Nashonanga na mkono wa kushoto. Mama mkwe yangu alikataa kunywa uji ndani ya kibuyu nimeshona, alisema imeshonwa kinyume. Boma yote walikuwa wananichekanga. Hiyo ni kazi yangu."

Nilikuwa nimekifuta kioo kile miaka yote hiyo na sikuwahi kuona kwamba nyuzi zimelala upande usio wa kawaida. Nikamletea kiti, nikaketi na mimi sakafuni, nikamweleza tulikikuta wapi na yale mawe yaliyoporomoka mbele yake, na wenzake wakaacha kupanda basi wakarudi kumwangalia.

Jina lake ni Felista, nami nilimwita Mama Felista. Mumewe aliitwa Mukolwe. Alikuwa mkata miwa, na siku aliyoondoka alisema anakwenda kukata shamba la mtu, arudi jioni. Mama Felista alimpikia uji, akamtilia kwenye kibuyu. Mukolwe hakurudi. Baada ya siku chache shemeji yake, mdogo wa mumewe, Osundwa, akaja na habari kwamba Mukolwe ameonekana sokoni Matete na mwanamke mwingine, na kwamba amevuka naye kwenda Uganda. Habari hiyo ikakaa. Watu wa ukoo wakakataa kufanya matanga. Utamliliaje mtu ambaye yuko hai na anakula raha zake?

Kwao mtu akifa mahali ambapo mwili haupatikani, ukoo huenda mahali pale, ndugu wa kiume humwita kwa jina arudi nyumbani, kisha huzika mgomba mahali pa mwili. Mke peke yake hawezi kumwita. Basi Mama Felista alikaa miaka yote hiyo si mke wala mjane. Hakunyolewa nywele za ujane. Kwenye matanga ya wengine, wajane wakiitwa kukaa pamoja, yeye hakuwa na mahali pa kukaa. Alilea watoto wake watatu wakiambiwa shuleni kwamba baba yao aliwatoroka.

"Mimi nimemchukia huyu mtu," akaniambia, machozi yakimtiririka bila sauti. "Nimemtukana kila jioni nikifunga mlango. Na yeye alikuwa ndani hapa."

Niwaambie sasa, ili mjue nilisikiaje maneno hayo. Mke wangu, Jentrix, aliishi na mimi kilimani kwa miaka michache ya kwanza. Alisema nyumba inanuka popo, na ilikuwa inanuka. Siku moja alikwenda Kitale na watoto wetu kumwona dada yake, akakaa huko. Hatukugombana hata kidogo, jambo ambalo bado linanisumbua. Kwa miaka nilijiambia labda kuna kilichomzuia. Kwa hiyo nilipomwona mama huyu akilia, nilimwonea huruma, na pia, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu, kwa sababu wake hakuwa amemtoroka.

Mama Felista hakutaka kibuyu. Watu wengi wakisikia hadithi hii hudhani alitaka kukichukua. Alitaka Osundwa aje akione, kwa sababu Osundwa ndiye ndugu pekee wa Mukolwe aliyebaki, na asipokubali yeye, hakuna wa kumwita Mukolwe arudi nyumbani. Na Osundwa alikuwa mzee sasa, mgonjwa wa kifua. Akitangulia yeye, basi imekwisha, Mukolwe atabaki nyuma ya ukuta na mama atazikwa kama mke aliyeachwa.

Nilikwenda kwa madam, mkubwa wetu wa sasa mnayemjua. Nilitegemea aniambie kuhusu sheria. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama nina hakika, nikasema sina hakika ila mama anayo. Akasema waje Jumamosi, na kwamba yeye mwenyewe atafungua kabati. Sijui kama nilimshukuru ipasavyo. Akisoma hapa, namshukuru.

Osundwa hakutaka kuja. Mama Felista alimtumia watoto wake, akamtumia mchungaji, mwishowe akaenda mwenyewe akaketi uwanjani kwake tangu asubuhi bila kugusa chakula, mpaka mke wa Osundwa akamwambia mumewe aende, amwondolee aibu hii. Jumamosi hiyo wakafika kwa pikapu ya kukodi. Osundwa alishuka akiwa na koti zito na kofia, akipumua kwa shida, na hakumsalimia shemeji yake. Alinisalimia mimi.

"Mulembe."

"Mulembe, mzee. Karibu."

"Nimeambiwa kuna kibuyu," akasema, akimwangalia madam. "Kibuyu ni kibuyu. Kila boma iko na kibuyu."

Madam akafungua kabati, akavaa glavu zake nyeupe, akakitoa, akakiweka juu ya kitambaa mezani. Osundwa hakukisogelea. Alikitazama kwa mbali kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua. Nikaona anatafuta la kusema. Mama Felista alisimama upande wa pili wa meza na mikono yake ameikunja.

"Shemeji," akasema, kwa upole kabisa, "kibuyu gani ndiyo mama yako alikataa?"

Osundwa akafunga kifungo cha koti lake.

"Wewe ulikuwa kijana. Ulichukua ukaonyesha wenzako. Ulisema, 'Kujeni muone kibuyu ya mashoto.' Sindiyo?"

Yule mzee akasogea. Hakuomba ruhusa ya madam wala glavu zake. Aliweka kidole gumba juu ya mshono akaupapasa kutoka juu hadi chini, polepole, kisha akaurudia. Nikaona mabega yake yanashuka ndani ya lile koti. Akavua kofia.

"Ni hii," akasema.

Akaketi kwenye kile kiti nilichokuwa nimemletea Mama Felista siku ile ya kwanza.

"Mimi sikumwona Matete," akasema. "Niliambiwa na watu ameonekana. Mimi nikasema nimeona. Ilikuwa rahisi kungojea mtu ameenda kutembea. Kulia mtu haujui ameangukia wapi, hiyo ilinishinda."

Mama Felista alizunguka meza akasimama mbele yake. Nilidhani atampiga, na kama angempiga, hakuna kati yetu ambaye angemzuia.

"Basi muite," akamwambia.

Niligonga njia nzima kabla hawajaingia, mpaka kwenye ukuta wa matofali. Dari ililia vizuri. Nikawavisha kofia ngumu, Osundwa nikamshika mkono kwa sababu ya pumzi yake, nikawapeleka. Pale ukutani nikakohoa, kwa mazoea. Osundwa akaweka kiganja chake juu ya matofali. Kwa mtu mwenye kifua kile sikutegemea sauti ile. Aliita jina la kaka yake, akataja jina la baba yao na la mama yao, akasema, kwa Kiluhya, kwamba nyumba iko, watoto wako, mke yuko, amekaa, hajaolewa na mtu. Akasema, "Twende nyumbani." Kisha wakachota udongo kidogo mbele ya ukuta wakautia katika kitambaa, na tukatoka bila kuzungumza na bila kugeuka nyuma, kama desturi yao inavyoagiza. Mama Felista alitangulia. Alipofika nje kwenye jua alisimama akawa anapepesa macho, nami nikamvua kofia ngumu kichwani kwa sababu alikuwa ameisahau.

Madam alibadilisha kibao. Mmekiona: kinataja Mukolwe kwa jina, na kinasema kibuyu kilishonwa na mkewe Felista. Waambieni wageni wautazame mshono kabla ya kitu kingine chochote.

Walinialika mazishini. Nilivaa koti langu la kanisani, nikaenda Matungu peke yangu, nikifikiri nitakaa nyuma nile nirudi. Nilikuta mahema, viti, watu wengi kuliko nilivyotarajia kwa mtu aliyekufa zamani namna ile. Mgomba ulikuwa umefunikwa shuka jeupe ndani ya jeneza, na ule udongo wetu juu yake. Vijana wengine walikuwa wakinong'ona na kucheka kuona watu wanaomboleza mgomba, mpaka jeneza liliposhuka na Mama Felista akapiga uwi, yowe refu la msiba. Alilia kama mtu aliyefiwa asubuhi hiyo. Aliita jina la mumewe, akamwomba msamaha kwa kila tusi alilomtukania mlangoni, akayataja matusi yenyewe, mengine makali, mbele ya mchungaji. Vijana wakanyamaza. Mimi nililia pia. Nilikuwa nimemsalimu mtu yule asubuhi nyingi kuliko nilivyowahi kumsalimu ndugu yangu yeyote, na sasa nilijua kwamba kesho sitakuwa na wa kumsalimu.

Baada ya mazishi wafiwa waliketi kwenye mkeka mbele ya nyumba, Mama Felista, watoto wake, na Osundwa na koti lake, na watu wakapanga mstari kuwapa pole. Nilipofika kwake aliushika mkono wangu akakataa kuuachia.

"Na wewe mbona umekuja peke yako? Mama watoto yuko wapi?"

"Aliondoka, mama."

"Alikufa?"

Ningeweza kusema chochote. Nilikuwa nimeshasema mengi kwa wengi, kwamba ni mgonjwa, kwamba anamtunza mama yake, kwamba anakuja mwezi ujao.

"Hapana," nikasema. "Yuko Kitale. Ana duka la nguo. Yuko mzima kabisa."

Hakusema pole. Alisogea kwenye mkeka, akamsukuma binti yake kidogo, akapiga kwa kiganja mahali palipobaki wazi.

"Keti hapa," akasema.

Nikavua viatu nikaketi. Watu waliokuwa nyuma yangu kwenye mstari waliendelea kuja. Walimshika mkono Mama Felista, wakaniinamia mimi, wakanishika mkono na mimi, wakaniambia, "Pole sana, baba. Pole kwa kufiwa." Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani wa marehemu. Nilimjibu kila mmoja asante, mpaka mstari ulipoisha.